Khabari za Sewa Haji wa Bagamoyo na Mali Aliyoiacha

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mrithi wa kila kilichojengwa baada ya kuondoka aliyekijenga. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu wengi wa pwani, tangu Dar es Salaam na Bagamoyo hata Saadani na Pangani, wamelisikia jina la Sewa Haji, kwa kuwa hospitali kubwa ya Dar es Salaam ilijulikana kwa jina hilo kwa muda wa miaka mingi. Lakini ukiwauliza alikuwa mtu gani, na mali aliichuma kwa njia gani, na kisha akaifanya nini, utawakuta wengi wamenyamaza. Kwa ajili hiyo tumeona yafaa kuziandika khabari zake kwa ufupi, kwani ndani yake mna zingatio kwa kila mwenye nyumba, na kwa kila anayetumaini kuwa na nyumba.

Wala asistaajabu msomaji kwamba sisi wafuasi wa Imamu Shafi'i tunamtaja mtu ambaye hakuwa wa madhehebu yetu. Sewa Haji alikuwa Khoja katika jamaa ya Ismailia, na hesabu ya itikadi yake iko kwa Mola wake. Lakini hekima humpasa Muislamu kuichukua popote aikutapo, na jema halikosi kuwa jema kwa kuwa limetendwa na jirani.

Asili ya watu wake ni Kutch, nchi kavu iliyo upande wa Gujarat katika Bara Hindi. Tangu zama za kale watu wa Kutch walikuwa wakipanda majahazi wakati wa kaskazi wakaja Unguja na mrima, na wakati wa kusi wakarudi makwao. Wengine hawakurudi. Katika hao alikuwamo baba yake Sewa, aliyefanya biashara Unguja katika siku za Sayyid Said bin Sultan, na huko Unguja ndiko alikozaliwa Sewa mwaka 1851. Hata ulipofika mwaka 1860 jamaa hiyo ikafungua duka Bagamoyo, na duka hilo ndilo lililomlea kijana huyu katika kazi yake.

Nayo Bagamoyo ya siku zile si Bagamoyo ya leo. Ilikuwa ndiyo mlango wa bara. Misafara iliyotoka Tabora na Ujiji na Manyema iliteremkia hapo, ikaleta pembe za ndovu, na vipusa, na ngozi. Na iliyopanda bara ilichukua amerikani, na kaniki, na ushanga, na masango ya shaba, na baruti. Njia ya Tabora peke yake ilikuwa mwendo wa miezi mitatu au zaidi, na punda na ngamia aghlabu hawakuweza kuishi kwa mbung'o walioko njiani. Karibu kila kitu kilikwenda juu ya bega la mwanadamu. Mpagazi mmoja alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, nazo ni kadiri ya ratili 70, na maelfu ya watu hao, aghlabu yao Wanyamwezi, waliingia Bagamoyo kila mwaka na kutoka.

Sewa Haji aliyatazama haya akafahamu jambo ambalo wengi walilipita. Kuuza nguo kila mwenye duka aweza. Lakini msafiri hana haja ya nguo tu. Ana haja ya bidhaa zinazopendwa katika nchi aiendeayo, na mizigo iliyofungwa kwa kipimo cha bega, na wapagazi waliokwisha kuandikwa, na mtu wa kumkopesha mpaka arudi na pembe. Akayakusanya yote hayo katika nyumba moja. Ajaye na fedha, au na dhamana ya kuaminika, alitengenezewa msafara mzima bila ya yeye mwenyewe kuzunguka mjini.

Khabari yake ya kwanza katika vitabu vya Wazungu ni ya mwaka 1871, alipokuja Bagamoyo Henry Morton Stanley akienda kumtafuta Livingstone. Wapagazi walikuwa adimu mwaka huo, kwa kuwa kipindupindu kilikuwa kimeua watu wengi pwani na Unguja. Stanley akaelekezwa kwa kijana wa Kihindi mwenye umri wa miaka 20 hivi, ambaye wengi wanasema ndiye Sewa Haji wetu. Katika kitabu chake Stanley amemlalamikia sana, akamshutumu kwa kumpunja katika hesabu za nguo na za ujira. Hatukuandika haya kwa kumfedhehesha maiti, wala hatuchukui neno la mshitaki mmoja kuwa ni hukumu. Tumeyataja kwa kuwa aandikaye maisha ya mtu hafai kuchagua matamu peke yake. Mfanya biashara aweza kulaumiwa katika ujana wake, na mwisho wake ukawa na jambo jingine.

Miaka ikapita, biashara ikakua, na fedha za pembe zikageuka kuwa mawe na chokaa. Sewa Haji alinunua viwanja, akajenga na kununua nyumba, akazipangisha. Na Wadachi walipouhamishia mji mkuu wao Dar es Salaam mwaka 1891, na huko pia akawa na mali ya ardhi na majumba. Yeye mtoto wa mgeni aliyefika kwa jahazi akawa mmoja wa wenye milki kubwa katika pwani hii.

Lakini kabla ya hapo mrima ulipatwa na msiba. Mwaka 1888 kampuni ya Wadachi ilipokuja kuishika pwani kwa mkataba wa Sultani wa Unguja, watu wakakataa. Abushiri bin Salim akasimama Pangani na Bagamoyo, na Bwana Heri akasimama Saadani. Vita vikawa vikali, mizinga ikapigwa, na Bagamoyo ikaharibika sana kwa moto na kwa watu kukimbia. Abushiri akanyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889, na mwaka uliofuata Bwana Heri akasalimu amri. Wakati huo kila mwenye nyumba ya mawe aliona kwa macho yake kuwa ukuta haumlindi mwenyewe, na kwamba mali ya miaka thelathini yaweza kuwa majivu kwa usiku mmoja. Sewa Haji alibaki, akafanya kazi na watawala wapya kama alivyofanya na wa kale, na misafara yao ikapita mikononi mwake.

Hapa yafaa tusimame kidogo. Utajiri huu ulitoka wapi? Ulitoka katika mabega ya watu. Mpagazi alitembea peku katika miiba na matope, akaumwa na ndui njiani, akaachwa chini ya mti, na mzigo wake akapewa mwingine. Na pembe nyingi zilizofika pwani zilichukuliwa na watumwa, wala hapana haja ya kulificha hilo. Fedha iliyopatikana kwa biashara kama hiyo ina madai ya watu ndani yake, na mwenye akili huogopa kukutana na Mungu nayo ikiwa yote bado imo sandukuni mwake. Moyo wa Sewa Haji ulifikiri nini katika hayo, Mungu ndiye ajuaye. Sisi twatazama matendo yake, na matendo yake ya mwisho yaliwaelekea wagonjwa na masikini na watoto wa watu weusi, yaani jamaa za wale waliochukua mizigo.

La kwanza ni shule. Sewa Haji alitoa jengo la ghorofa katika Bagamoyo, na mwaka wake uliojulikana ni 1896, akalikabidhi kwa serikali ya Wadachi liwe nyumba ya elimu. Lakini hakulitoa hivi hivi. Aliweka sharti kwamba shule hiyo iwapokee watoto wote, asitengwe mtoto kwa ajili ya dini yake wala rangi yake wala taifa lake. Zingatieni, ndugu zangu, siku zile zilivyokuwa. Wamisionari walikuwa na shule zao, na aliyeingia humo alitakiwa aingie na katika dini yao. Wazee wetu wengi walizuia watoto wao kwa kuchelea hilo, na walikuwa na haki ya kuchelea. Shule za serikali zisizofundisha dini ya Kikristo ndizo zilizojaa watoto wa Kiislamu wa pwani, hata wamisionari wakalalamika. Basi sharti lile la mtu mmoja wa Ismailia liliwafungulia mlango watoto wetu wa Kisunni, wakajifunza hesabu na kuandika, na jioni wakarudi chuoni kwa mwalimu wao wa Kurani. Jengo hilo likaendelea kuwa shule, nalo ndilo lililokuja kuitwa Shule ya Mwambao.

La pili ni hospitali. Alitoa kwa ajili ya matibabu ya wenyeji katika Bagamoyo, na Dar es Salaam ikajengwa kwa mali yake hospitali iliyochukua jina lake, ikawa tayari mwaka 1897. Hiyo ndiyo hospitali waliyotibiwa watu wa nchi kwa zaidi ya miaka hamsini, wakati Wazungu walikuwa na hospitali yao mbali. Mwaka 1956 ikafunguliwa kubwa zaidi mahali pengine, ikaitwa kwa jina la Princess Margaret wa Uingereza, na baada ya uhuru ikawa Muhimbili. Jina la binti wa mfalme likafutika. Lakini jina la mwenye duka wa Bagamoyo likapewa jengo moja la wodi humo Muhimbili, na wagonjwa wakaendelea kulitamka.

La tatu ni wasia. Sewa Haji alifariki Unguja tarehe 10 Februari 1897, katika siku za mwanzo za Ramadhani ya mwaka 1314 wa Hijra, naye hajatimiza miaka hamsini. Katika wasia wake milki zake za ardhi na nyumba Bagamoyo na Dar es Salaam alizielekeza kwa serikali, ili pato lake litumike kuwasaidia wenye ukoma, na kuwalisha wagonjwa hospitalini, na mfano wa hayo. Biashara ya misafara ikashikwa na Allidina Visram, aliyekuja Bagamoyo naye ni mtoto kutoka Kutch mwaka 1863 akakulia katika kazi hiyo hiyo, na akaipeleka mpaka Uganda.

Sasa tazameni yaliyofuata. Mwaka 1901 reli ya Mombasa ilifika Kisumu. Reli ya Dar es Salaam ikafika Morogoro mwaka 1907, na Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Mpagazi hakuhitajiwa tena, na mlango wa bara ukafungwa. Nyumba za Bagamoyo zilizouzwa kwa rupia nyingi zikakosa mpangaji. Boriti zikaoza, sakafu zikaanguka, na mibuyu ikaota penye mabaraza. Lau Sewa Haji angaliziweka zote kwa ajili ya kupata kodi, pato lingalikufa pamoja na msafara. Iliyobaki na faida ni ile aliyoitoa.

Ndugu msomaji, katika khabari hii mna mafunzo matatu.

Kwanza, alitoa baadhi ya mali naye yu hai, akashuhudia. Sadaka yenye kuendelea ni katika mambo machache yasiyokatika kwa kifo cha mtu, kama walivyotufundisha masheikh wetu kutoka kwa Mtume, rehema na amani zimshukie. Asubiriye kutoa mpaka roho ifike kooni, huwa anatoa kilicho karibu kuwa cha wengine.

Pili, aliweka sharti lililo wazi. Katika fikihi yetu sharti la mwenye kuweka wakfu hufuatwa maadamu halikuhalifu sheria, wala msimamizi hana ruhusa ya kuligeuza kwa matamanio yake. Atoaye bila ya kusema anamtolea nani na kwa ajili gani, huwaachia watu ugomvi.

Tatu, na hili ni pale sheria yetu ilipo madhubuti zaidi. Sewa Haji aliiweka amana yake katika mkono wa serikali, na serikali hubadilika. Wadachi waliondoka kwa vita vya 1914 hata 1918, wakaja Waingereza, na mwaka 1961 nao wakaondoka. Lakini wakfu wa Kiislamu, kwa kauli iliyo mashuhuri katika madhehebu ya Shafi'i, umiliki wake huhamia kwa Mwenyezi Mungu. Haiuzwi nyumba hiyo, haipewi mtu, wala hairithiwi. Hufaa uwe katika kitu chenye kubaki na kunufaisha, na uwe wa daima. Na anayetaka kuusia, ajue kuwa wasia kwa asiyekuwa mrithi hauvuki thuluthi ila kwa ridhaa ya warithi, ili asiwadhulumu watoto wake kwa kutafuta sifa.

Tangu Kaole hata Saadani kuna nyumba za wazee wetu zilizoanguka kwa ugomvi wa warithi thelathini, hakuna ayezibaye tundu la paa kwa kuwa kila mmoja asema si langu peke yangu. Lau nyumba moja katika kila mtaa ingaliandikwa wakfu wa madrasa, au wa kulipia dawa ya masikini, pamoja na mashahidi na msimamizi mwaminifu, leo mji ungalikuwa na hali nyingine. Na mlango huo haujafungwa. Mwenye nyumba kumi aweza, na mwenye chumba kimoja aweza, na mwenye minazi mitano aweza.

Twamuomba Mwenyezi Mungu azifanye mali zetu ziwe ushahidi wa kututetea, wala zisiwe ushahidi wa kutuhukumu, na awarehemu Waislamu wote, walio hai na waliokwisha kutangulia. Amin. Wallahu aalam.