Thaddeus Stevens, wakili aliyechagua kaburi lake

Wasomaji wangu, wakitajwa Wamarekani waliopinga utumwa, wengi wetu humkumbuka Abraham Lincoln peke yake. Leo mimi namtaja Thaddeus Stevens, ambaye kwa maoni yangu alimtangulia Lincoln kwa hatua nyingi.

Alizaliwa mwaka 1792 huko Vermont, mtoto wa maskini, na mguu mmoja umepinda. Baba aliwatupa, mama ndiye aliyehangaika hata mwana akasoma. Akahamia Pennsylvania, akafanya uwakili katika mji wa Gettysburg.

Hapo pana jambo ambalo wampendao hulipita mbio, nami sitalipita. Mwaka 1821 mwanamke mtumwa, Charity Butler, alidai uhuru wake na wa wanawe, kwani sheria ya Pennsylvania ilimpa uhuru mtumwa aliyeletwa humo akakaa miezi sita. Stevens alisimama upande wa bwana. Akahoji kwamba miezi ile haikufuatana, zilikuwa siku za kwenda na kurudi tu. Akashinda, na mama yule akabaki utumwani na wanawe. Kisheria ilikuwa hoja safi; kiutu ilikuwa balaa. Miaka iliyofuata akawa mtetezi wa watumwa waliotoroka.

Mwaka 1835, katika Bunge la jimbo, aliziokoa skuli za bure zisifutwe. Katika vita vya 1861 hadi 1865 aliongoza kamati ya fedha ya Bunge la Marekani, na majeshi ya Kusini yakamchomea kiwanda chake cha chuma. Utumwa ukafutwa katika katiba mwaka 1865, miaka minane kabla ya soko la Unguja kufungwa. Yeye hakuridhika. Aliona mtu huru asiye na shamba atarudi kwa bwana yule yule kuomba kazi, na mwaka 1867 akataka mashamba ya matajiri wa Kusini yagawanywe, ekari 40 kwa kila mwenye jamaa. Wenzake walikataa, na hasara yake, naona mimi, haijalipwa hata leo.

Alifariki Agosti 1868. Makaburi makubwa ya Lancaster yalikuwa ya weupe tu, basi alikwisha kujichagulia kaburi katika uwanja mdogo uliopokea maiti wa kila rangi, na sababu hiyo akataka ichongwe juu ya jiwe lake. Ingali yasomeka.