Salahuddin Ayyubi: Sultani aliyewapa watu wake wakati



Ndugu Waislamu, jina la Sultani Salahuddin Yusuf bin Ayyub hutajwa sana misikitini na madrasani kwa ajili ya vita vya Hittin na kukombolewa kwa Baitul Maqdis mwaka 583 Hijria (1187 Miladia). Lakini ushindi wa upanga ni nusu tu ya habari zake. Nusu ya pili, ambayo hatuwasimulii sana watoto wetu, ni jinsi alivyowapa wakati wake watu aliowaongoza, nao wakamfuata mahali ambapo amri peke yake isingewafikisha.

Alizaliwa Tikrit, Iraq, mwaka 532 Hijria, katika ukoo wa Kikurdi. Mwaka 1169 alifanywa waziri wa Misri akiwa na miaka 31 hivi, na baada ya kufariki Sultani Nuruddin mwaka 1174 akaanza kuziunganisha Misri na Sham. Jeshi lake lilikuwa mkusanyiko wa maamiri kutoka Misri, Sham, Mosul na Jazira, kila mmoja akija na askari wake. Wengi wao waliishi kwa mapato ya ardhi walizopewa. Baridi ilipoingia, au mavuno yalipowadia, kila mmoja alitamani kurudi kwa watu wake. Watu wa namna hiyo huwezi kuwaweka vitani mwaka baada ya mwaka kwa vitisho.

Basi aliwawekaje? Kadhi Bahauddin bin Shaddad, aliyeingia katika utumishi wake mwaka 1188 na kukaa naye hadi kufa kwake, ametuachia habari za mambo aliyoyaona. Kila Jumatatu na Alhamisi Sultani alikaa baraza ya kusikiliza mashauri, pamoja na mafakihi na makadhi. Siku hizo mlango ulikuwa wazi kwa mkubwa na mdogo, hata ajuza asiye na mtu wa kumsemea. Alifanya hivyo akiwa mjini na akiwa safarini. Zaidi ya hayo, alitenga saa moja ya usiku au ya mchana kukaa na katibu wake na kuandika jibu juu ya kila ombi lililoletwa.

Siku moja alikuwa amechoka, mmoja wa mamluki wake wazee akamletea karatasi ya malalamiko. Sultani akamwomba asubiri kidogo. Mzee hakusubiri, akamsogezea karatasi usoni. Sultani akaisoma, akaona kuwa ombi ni la haki, lakini wino ulikuwa ndani ya hema na hakuna aliyekuwa karibu wa kuuleta. Akajinyoosha mwenyewe, akaufikia, akaandika idhini yake. Wangapi leo wenye ofisi ndogo tu wangelifanya hivyo?

Wakati mwingine mfanyabiashara mmoja alimshitaki Sultani mwenyewe mbele ya kadhi, akidai kwamba amechukua mali isiyokuwa yake. Sultani alishuka kwenye tandiko lake, akakaa sawa na mshitaki wake. Ushahidi ulipotolewa, dai likaanguka. Hata hivyo hakumfukuza mtu yule kwa aibu. Alimpa vazi na fedha ya matumizi, akaondoka.

Katika mapambano ya Akka, yaliyoanza mwaka 1189 na kwisha mwaka 1191, alishikwa na majipu kutoka kiunoni hadi magotini, hata akawa hawezi kukaa. Pamoja na hayo alipanda farasi tangu asubuhi hadi adhuhuri, na tena alasiri hadi magharibi, akizunguka safu za askari wake. Askari aliyemwona katika hali ile hakuhitaji kuhubiriwa juu ya subira.

Tusidhani kwamba hakuasiwa kamwe. Mwaka 1192, huko Yafa, aliamrisha jeshi limshambulie Mfalme Richard wa Uingereza, nalo likakataa. Askari walikuwa na kinyongo, kwa kuwa siku chache kabla yake mamluki wa Sultani waliwapiga watu na kuwanyang'anya ngawira. Amiri mmoja alimwambia jambo hilo waziwazi, kwa maneno makali. Sultani akageuza farasi, akaondoka uwanjani. Wengi walitazamia kwamba siku ile vichwa vya maamiri vitaanguka. Alipofika hemani alikuta matunda mengi yameletwa kutoka Dameski. Akaagiza maamiri waitwe waje kula pamoja naye. Wakaja wakiwa na hofu, wakaondoka nyoyo zimetulia, na jeshi halikuvunjika. Wiki chache baadaye, mwezi Septemba, akafunga mapatano ya amani.

Alifariki Dameski alfajiri ya tarehe 27 Safar 589 (Machi 4, 1193). Katika hazina yake binafsi ilikutwa dinari moja ya dhahabu na dirhamu 47. Mji mzima ulimlilia.

Ndugu msomaji, huenda huna jeshi. Lakini huenda una duka lenye vijana watatu, au unasimamia idara, shule au kiwanda, au nyumbani kwako yumo msaidizi anayewapikia watoto wako. Hao ni amana. Mshahara ni haki yao, na kuulipa kwa wakati ni wajibu. Lakini mshahara hununua mikono tu. Moyo hupatikana kwa kusikilizwa. Ukiweka siku maalumu ya kuwasikiliza, iheshimu kama Salahuddin alivyoziheshimu Jumatatu na Alhamisi zake, hata wakati wa shida. Na siku watakapokukatalia jambo, uliza kwanza ni dhulma gani imepita usiyoijua. Baba naye ayapime haya kwa wanawe, na mama kwa mabinti zake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Salahuddin, na atujaalie tuwe wachunga wema kwa tuliowekwa juu yao. Amin.