Bwana Talbot na Picha za Nyumbani

William Henry Fox Talbot alizaliwa Uingereza mwaka 1800. Nyumba ya jamaa yake, Lacock Abbey, ilikuwa zamani nyumba ya masista, iliyojengwa katika karne ya 13.

Mwaka 1833 alisafiri Italia pamoja na mkewe, Constance. Walipofika kando ya ziwa la Como, mkewe alichora vizuri, lakini yeye hakuweza, hata kwa msaada wa chombo cha kioo. Akawaza: je, nuru yenyewe haiwezi kuchora?

Aliporudi nyumbani alipaka karatasi maji ya chumvi, kisha dawa ya fedha. Penye jua karatasi iligeuka nyeusi. Penye kivuli ilibaki nyeupe. Akapata visanduku vidogo vyenye kioo, akaviweka huku na huku nyumbani. Mkewe akaviita mitego ya panya! Mwezi wa Agosti 1835 kisanduku kimoja kilinasa picha ya dirisha.

Basi Talbot akaiacha kazi hiyo, akashika masomo mengine. Hayo ndiyo yaliyomponza. Mwezi wa Januari 1839 habari zilitoka Paris ya kwamba Mfaransa Daguerre amekwisha kupata njia ya kupiga picha juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Sifa zikamwendea Daguerre. Kazi usiyoimaliza leo, mwenzako huimaliza kesho.

Lakini Talbot hakukata tamaa. Mwaka 1840 alivumbua dawa iliyofanya kazi upesi zaidi. Mwezi wa Oktoba mkewe aliketi kimya dakika tatu, na sura yake ikatokea. Akapiga pia picha za binti zake watatu, za meza yenye vyombo vya chai, na za ufagio ulioegemezwa mlangoni. Tena karatasi yake moja iliweza kuzaa picha nyingi, bali bamba la Daguerre lilikuwa picha moja tu. Kwa hiyo njia ya Talbot ndiyo iliyodumu zaidi ya miaka mia.

Talbot alifariki mwaka 1877. Siku hizi watu hupiga picha kwa simu, na ndani ya simu nyingi mna madini yatokayo katika koltani, kama ile ichimbwayo Rubaya. Mtoto aweza kumpiga mama yake picha jikoni kwa mara moja. Talbot alihangaika miaka saba kabla ya kuiona sura ya mkewe katika karatasi.