Padri Tansi: Mtawa aliyerudi nyumbani ndani ya jeneza

KATIKA miaka ya 1980 jeneza moja lilisafirishwa kutoka Uingereza hadi Onitsha, mji wa soko kubwa kando ya Mto Niger, kusini mashariki mwa Nigeria. Ndani yake mlikuwa na mabaki ya Padri Cyprian Michael Iwene Tansi. Aliondoka kwao mwaka 1950 akitarajia kurudi na kitu mkononi kwa ajili ya watu wake. Alirudi baada ya zaidi ya miaka thelathini, akiwa mifupa.

Kwa yeyote aliyewahi kuishi ugenini akihesabu siku za kurejea, maisha ya mtawa huyu yana la kusema.

Tansi alizaliwa Septemba 1903 katika eneo la Aguleri, karibu na Onitsha, katika familia ya wakulima maskini wa Kiigbo. Baba yake aliwahi kufungwa bila hatia mikononi mwa kampuni ya biashara ya Waingereza, na mtoto alipozaliwa akapewa jina la Iwegbune, lililofupishwa kuwa Iwene. Maana yake ni kuomba chuki isiue. Akiwa bado mdogo alipoteza uwezo wa kuona kwa jicho moja. Mwaka 1912, akiwa na umri wa miaka tisa hivi, alibatizwa na kuitwa Michael.

Alisoma, akawa mwalimu, kisha mwalimu mkuu wa shule ya misheni ya kwao. Ndugu zake walitaka aingie kwenye biashara ili awainue. Hawakuwa na kosa, kwani katika nchi ile biashara ndiyo iliyokuwa ikitoa familia kwenye dhiki. Lakini mwaka 1925 aliingia seminari, na Desemba 19, 1937 akapewa daraja la upadri mjini Onitsha, akiwa miongoni mwa mapadri wa kwanza wazalendo wa eneo hilo.

Paroko wa baiskeli

Parokia yake ya Dunukofia ilikuwa na vijiji vingi na barabara chache. Padri Tansi alivizungukia kwa miguu na kwa baiskeli. Alishika jembe na kufyatua matofali pamoja na waumini, akala kidogo na kulala kidogo. Aliwajali hasa wasichana waliokaribia kuolewa, akaanzisha vituo vya kuwaandaa kwa ndoa na kuwalinda wasichezewe kabla ya wakati.

Novemba 1, 1941 alimbatiza mvulana mmoja aliyekuwa akitimiza miaka tisa siku hiyo. Mvulana huyo, Francis Arinze, baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa Onitsha, na mwaka 1985 akawa kardinali.

Basi kwa nini padri aliyependwa hivyo aliacha kazi yake? Askofu wake, Charles Heerey, alitamani jimbo liwe na monasteri, yaani nyumba ya watawa wanaoishi kwa sala, ukimya na kazi za mikono. Alitafuta mapadri wa kwenda kujifunza maisha hayo ng'ambo, ili baadaye warudi kuyapanda nyumbani. Tansi alikubali. Mwaka 1950, baada ya kuhiji Roma katika Mwaka Mtakatifu, alifika Mount Saint Bernard, monasteri ya Watrapisti katika mkoa wa Leicestershire, katikati ya Uingereza.

Mzee miongoni mwa wanafunzi

Alikuwa amekaribia miaka 47. Nyumbani alikuwa paroko, neno lake likisikilizwa na maelfu. Hapa alikuwa mwanafunzi, tena mgeni, akipokea amri kama kijana aliyeingia jana. Alisubiri zaidi ya miaka miwili kabla ya kuanza unovisi, Desemba 1952, akachukua jina la Cyprian, askofu na shahidi wa Kiafrika wa karne ya tatu. Nadhiri za milele aliziweka Desemba 8, 1956, akiwa na miaka 53.

Siku ya Mtrapisti ilianza usiku wa manane, wakati wengine wamelala fofofo. Sala ya pamoja iliwaita kanisani mara kadhaa, usiku na mchana. Nyama haikuliwa. Mazungumzo yalikuwa machache mno, na mara nyingi watawa walielewana kwa ishara za mikono. Tansi alipewa kazi ndogondogo, kama kuhudumia chumba cha kulia na kujalidi vitabu. Baridi ilimtesa. Mtu aliyezoea jua la Aguleri alipita kwenye korido za mawe wakati wa theluji, hana wa kuzungumza naye Kiigbo isipokuwa padri mwenzake aliyetoka jimbo hilohilo.

Alivumilia yote hayo kwa kuwa yalikuwa na mwisho. Siku moja angerudi kwao kuanzisha monasteri.

Mpaka ulipobadili safari

Mwaka 1962 habari njema ilifika, ikiwa na uchungu ndani yake. Mount Saint Bernard iliamua kuanzisha nyumba Afrika, lakini si Nigeria. Ingejengwa Bamenda, kwenye nyanda za juu za Kameruni.

Wafanyabiashara wa mpakani wataelewa haraka uzito wa jambo hilo. Bamenda ilikuwa sehemu ya Kameruni iliyotawaliwa na Waingereza pamoja na Nigeria, na Waigbo wengi walikwenda huko kufanya kazi na biashara. Baada ya kura ya maoni ya Februari 1961, eneo hilo lilijiunga na Kameruni Oktoba mwaka huohuo. Mahali palepale pakawa nchi ya wengine.

Kwa Tansi hilo lilikuwa pigo kubwa. Mtu aliyekuwa ametii kila agizo bila kunung'unika alishindwa, kwa mara ya kwanza, kulipokea hili kwa moyo mweupe. Alipita siku za giza. Kisha akakubali. Mwaka 1963 aliteuliwa kuwa mlezi wa wanovisi wa nyumba hiyo mpya. Angalau angekanyaga tena udongo wa Afrika, hata kama ni ng'ambo ya mpaka.

Hata huko hakufika. Afya yake ilikuwa imevunjika, na wenzake walitangulia bila yeye. Januari 1964 alishikwa na maumivu makali ya mguu, na madaktari wakagundua kuwa damu imeganda. Alipelekwa hospitali ya mji wa Leicester, na huko akafariki Januari 20, akiwa na miaka 60. Mshipa mkubwa wa damu unaotoka moyoni ulikuwa umeharibika. Alizikwa katika makaburi ya monasteri.

Huko nyumbani hawakumsahau. Watu wa parokia zake waliendelea kumsimulia paroko wa baiskeli, na Januari 1986 kesi ya kumtangaza mwenye heri ilifunguliwa Onitsha. Machi 22, 1998, Papa Yohane Paulo II alifika Oba, karibu na Onitsha, akamtangaza mwenye heri mbele ya umati mkubwa. Alikuwa Mnigeria wa kwanza kupewa heshima hiyo. Sikukuu yake ni Januari 20, siku aliyofia ugenini.

Nyumba ya Bamenda ilisimama bila yeye, na Nigeria nayo ilipata monasteri zake, ikiwemo ile ya Awhum, karibu na Enugu. Tansi hakuona hata moja.

Wako wanaorejea na mzigo mzima, na wako wanaorejea mikono mitupu, wakiona haya kuingia kijijini mchana. Padri Tansi alikuwa wa kundi hili la pili. Watu wa kwao hawakumuuliza amerudi na nini. Walikwenda wenyewe kumchukua.