Fundi Konde, Askari wa Gita

Wanachama wenzangu, jioni tukirudi Kawangware, anza tu kuimba Tausi ndani ya matatu, wazee wote wataitikia. Lakini uliza wimbo ni wa nani. Kimya! Ni wa Fundi Konde.

Alizaliwa Kilifi mwaka 1924. Vita Vikuu vya Pili vilipopamba moto, aliingia jeshi la KAR, akatiwa katika kikosi cha burudani. Jamani, maisha yao yalikuwa kama ya watu wa sarakasi: leo hapa, kesho kule, na vyombo vyao. Walifika India, Ceylon (sasa Sri Lanka) na Burma. Mbele yao waliketi askari waliochoka, mawazo yao nyumbani. Hao ndio wa kuchangamshwa! Si mchezo, maana hata mwimbaji mwenyewe yuko mbali na kwao.

Vita vilipokwisha mwaka 1945 alirudi, akarekodi nyimbo nyingi, naye ni kati ya Wakenya wa kwanza kupiga gita la umeme. Alifariki hapa Nairobi mwaka 2000.

Basi tukiimba Tausi, tumtaje na mwenyewe. Aliyewaliwaza wengine asisahaulike.