George Hurst

George Hurst (alifariki 1923) alikuwa mlowezi Mwingereza nchini Kenya na mmoja wa waanzilishi wa Kenya Breweries, kampuni ambayo leo inajulikana kama East African Breweries (EABL). Anakumbukwa hasa kwa sababu aliuawa na tembo, na kifo chake ndicho kilichoipa jina bia ya Tusker.

Kuanzisha kiwanda

Hurst pamoja na ndugu yake Charles Hurst na H. A. Dowding waliandikisha kampuni yao tarehe 8 Desemba 1922. Kiwanda kilijengwa Ruaraka, pembeni mwa Nairobi. Siku chache baadaye, tarehe 14 Desemba, makreti kumi ya kwanza yalipelekwa katika Hoteli ya Stanley mjini Nairobi. Wakati huo kazi nyingi zilifanywa kwa mikono.

Kazi ya kuchemsha hopsi

Pombe za asili za Afrika Mashariki, kama zile za mtama na uwele zinazopikwa na Wasukuma wa Bariadi na sehemu nyingine za Mkoa wa Simiyu, hazitiwi hopsi. Huwa na ladha ya uchachu, na hunywewa mapema kabla hazijaharibika. Bia ya chupa ilihitaji kukaa muda mrefu zaidi, na hapo ndipo hopsi ilipohitajika.

Hopsi ni maua ya mmea unaotambaa. Mmea huo hutaka siku ndefu za kiangazi cha nchi zilizo mbali na ikweta, kwa hiyo viwanda vya Afrika Mashariki vimeitegemea hopsi ya kutoka ng'ambo.

Kimea cha shayiri hulowekwa katika maji ya moto, kisha maji yake matamu huchujwa na kuchemshwa katika chungu kikubwa kwa dakika 60 hadi 90. Hopsi inayotiwa mwanzoni hutoa uchungu, kwa kuwa utomvu wake huhitaji moto wa muda mrefu ili uyeyuke na kubadilika. Uchungu huo husaidia pia kuzuia bakteria wanaochachusha bia. Hopsi inayotiwa dakika za mwisho hutoa harufu, kwa sababu mafuta yake hupotea upesi pamoja na mvuke. Mpishi hutia kidogo kidogo, maana povu linaweza kupanda ghafla na kufurika. Baada ya kuchemsha, makapi hutenganishwa, maji hupozwa, ndipo hamira hutiwa.

Kifo

Hurst hakuishi kuona kampuni ikikua. Mwaka 1923, chini ya miaka miwili tangu kiwanda kianze, aliuawa na tembo akiwa mawindoni. Kwa kumbukumbu yake, kampuni iliiita lager yake ya kwanza Tusker, neno la Kiingereza linalomaanisha tembo dume mwenye pembe kubwa. Kichwa cha tembo kingali kwenye nembo ya bia hiyo.

Hatari iliyomuua haijakwisha Afrika Mashariki. Katika vijiji vya Simiyu vinavyopakana na Hifadhi ya Serengeti na Pori la Akiba la Maswa, tembo huingia mashambani, hula mazao na wakati mwingine huua watu. Tofauti ni kwamba Hurst aliwafuata porini, na wanavijiji hufuatwa nyumbani kwao.

Baada yake

Bia ya Hurst haikutengenezwa kwa ajili ya wenyeji. Kwa miaka mingi ya ukoloni Waafrika walikatazwa kunywa bia ya chupa ya Kizungu, ingawa walikuwa miongoni mwa wafanyakazi walioitengeneza. Pombe zao za asili nazo ziliwekewa vibali na masharti. Katazo hilo liliondolewa kabla ya uhuru.

Mwaka 1936, baada ya kuungana na Tanganyika Breweries ya Dar es Salaam, kampuni ilichukua jina la East African Breweries. Mwaka 2010 EABL ilinunua asilimia 51 ya hisa za Serengeti Breweries ya Tanzania, yenye viwanda Dar es Salaam, Moshi na Mwanza, jiji lililo jirani na Mkoa wa Simiyu.