Mjue Mel Blanc: Msee Aliyepoteza Fahamu, Bugs Bunny Akamjibia Daktari

Kama kwenu bado kuna zile DVD za Looney Tunes, leo jioni weka moja halafu ufunge macho. Usiangalie, skiza tu. Bugs Bunny, Daffy Duck, Porky Pig, Tweety na Sylvester, hao wote ni msee mmoja!

Anaitwa Mel Blanc. Alizaliwa San Francisco, Marekani, mwaka 1908, akalelewa Portland. Alianzia redioni kabla ya kuingia studio ya Leon Schlesinger, iliyokuwa inatengenezea Warner Bros katuni. Mwaka 1937 alipewa Porky, na 1940 akampa Bugs ile sauti ya ujeuri.

Lakini doo ilikuwa shida. Mel alipoomba aongezwe mshahara, bosi alikataa katakata. Wakaelewana angalau jina lake liandikwe kwenye katuni. Enzi hizo waigizaji wa sauti hawakuwa wanatajwa, kwa hivyo hiyo ilikuwa bahati. Watu walianza kumjua, na 1946 akapata kipindi chake mwenyewe cha redio.

Halafu mambo yakageuka. Tarehe 24 Januari 1961, gari lake liligongana uso kwa uso na lingine kwenye kona moja hatari ya Sunset Boulevard, Los Angeles. Alivunjika mifupa kibao, akalala bila fahamu kama wiki mbili. Familia ilimwita, kimya. Madaktari walimwita, kimya.

Kulingana na simulizi ya familia yake, siku moja daktari aliacha kumuuliza Mel hali yake, akamuuliza Bugs Bunny. Mgonjwa akajibu, tena kwa sauti ya Bugs! Kuanzia hapo akaanza kurudi, polepole.

Ni noma, lakini hata akiwa kitandani nyumbani, plasta mwili mzima, aliwekewa maikrofoni akaendelea kuwa Barney wa The Flintstones. Kabla ya hapo, Daws Butler ndiye alikuwa amemshikia.

Mel aliaga tarehe 10 Julai 1989 akiwa na miaka 81. Kwenye kaburi lake kuliandikwa yale maneno ya kufunga katuni, yale yale Porky alikuwa anakwama akiyasema.

Wewe je, ukiwa mtoi ni katuni gani kati ya hizo ilikubamba zaidi?